Iombe Mashine Yako Irudi

Nyasura, Bunda,
Mara.
13 Oktoba 2024

Mpendwa kaka yangu Yunusu,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Raya na watoto, na hilo jua la Masasi tunalolisikia lisiwe limewamaliza. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unalala sakafuni kwa ajili ya maumivu. Usiubebeshe mizigo, kaka, mgongo ukigoma hauna wa kuazima.

Sisi huku tunaamka, Alhamdulillahi. Mama yupo Buswahili, mvua zimeanza na ameshapanda mahindi, habari ya kupumzika hataki kuisikia. Juzi alitutumia michembe ya viazi nusu gunia na ujumbe kwamba nimekonda, wakati hajaniona toka mwezi wa saba.

Najat ametimiza mwaka na miezi miwili. Anatembea, kaka! Ananyoosha mikono mbele kama anapapasa gizani, na kila kitu anakishika kwanza halafu ndiyo anakitazama. Ungemwona ungecheka. Mimi zamani nilikuwa nacheka.

Najua utashangaa kupata barua, siku hizi nani anaandika. Simu yangu ilitumbukia kwenye beseni la kufulia haikuamka tena, natumia ya shemeji yako Abdulsalamu, na nikiongea na wewe huwa yupo pembeni. Ninayotaka kukwambia hayasemeki akiwa pembeni. Barua hii anakuletea Naomi, jirani yetu, anakuja hapo Masasi kumuuguza dada yake. Mwandiko wangu unaujua, niliishia la saba, usome polepole.

Kaka, ni ile mashine. Ile grenda ya kukatia na kusagia chuma uliyomletea shemeji yako sikukuu ya Idi Kubwa.

Kwanza nikushukuru, na nakushukuru kweli. Toka baba yake afariki Ramadhani, Abdulsalamu alikuwa hayupo. Anatoka kwenye cherehani yake, anakaa juu ya ndoo uani, anatazama ukuta. Ukimsemesha anaitika "eeh" tu, hata kama umemuuliza anataka kula nini. Wewe ukaja na lile boksi, na ndani ya wiki moja mume wangu akarudi. Kushona ndiyo kazi yake mpaka leo, chuma ni kwa kujifurahisha tu, jioni na Ijumaa akitoka msikitini. Akatengeneza kiti cha jiko, akatengeneza banda la kuku, akamtengenezea Najat kigari cha magurudumu matatu ambacho hakiendi mbele, kinazunguka tu. Akaanza kupiga mluzi tena.

Mtaa mzima ukapata la kusema. Dorotea wa nyumba ya pili anapitaga anapaza sauti, "Mama Najat, fundi suruali anakata chuma! Kesho atakushonea geti!" Na Abdulsalamu anamjibu, "Lete kiuno cha hilo geti nikipime, mama." Miezi mitatu alikuwa hajatania mtu. Kwa hiyo usidhani naichukia furaha yake. Ndiyo maana nimechelewa kukuandikia, na sasa naogopa nimechelewa sana.

Mashine ilianza kuharibika taratibu. Ikiwaka dakika chache inatoa harufu ya nywele zilizoungua, na mwili wake unakuwa wa moto mpaka anaishika kwa kitambaa. Kava la chuma linalofunika diski alilitoa mapema, anasema linamzuia kuona. Kulinda macho anavaa miwani ya kusomea ya marehemu baba yake. Na vaisi ya kubania chuma hatuna, kwa hiyo vaisi ni mimi. Nakanyaga bomba kwa miguu miwili, najifunika uso kwa khanga, nahesabu mpaka anyamazishe. Khanga ile uliyoninunulia ina vitundu sasa kama imeliwa na mende.

Mwezi wa nane diski ilipasuka inazunguka. Sikuona kitu, nilisikia tu. Kipande tulikikuta kimezama kwenye mlango wa jikoni. Abdulsalamu alikichomoa kwa koleo, akasema diski za kwenye boksi ndizo mbovu, atanunua nyingine. Alipoondoka nikaenda kusimama pale na Najat mgongoni. Kile kitundu kipo usawa wa kichwa chake.

Nikamsihi aipeleke Musoma kwa Alfonsi, yule mchomeleaji rafiki wa marehemu. Akakubali, tukaenda wote. Alfonsi akaifungua, akachungulia ndani, akakuna kitu kwa kucha, akaifunga.

"Shehe, hii ulinunua au ulipewa?"

"Nilipewa na shemeji yangu."

"Mlikuwa mmegombana?"

Waliokuwa wamekaa pale walicheka. Hata mimi nilicheka, kaka, nisamehe. Abdulsalamu naye akacheka kidogo, akasema, "Lakini mimi siyo fundi, Alfonsi. Mimi nachezea tu. Kwa mtu wa kuchezea si inatosha?"

Hapo Alfonsi hakucheka. "Ndipo mnapokosea nyie wa kuchezea. Mimi mashine ikiugua naijua kwa sauti, naiweka chini. Wewe utajulia wapi? Mgeni ndiye wa kupewa mashine nzuri. Nunua tupa rahisi, nunua msumeno wa mkono rahisi, hata drili nunua rahisi, ikikufia mkononi ni hasara, utanuna utasahau. Kinachozunguka kama hiki kikikufia mkononi ni msiba."

Akatuonyesha swichi. Vumbi la chuma limeingia ndani, ukiisukuma kuzima inarudi nusu inanasa. Akasema umeme ukikatika hapo utadhani imezimika, kumbe inasubiri. Mashine nzuri nyingine, umeme ukirudi, zinakataa kuwaka mpaka uzime uwashe upya. "Hii haikatai kitu," alisema. Akamwambia aiache pale, kila Jumapili aje akate vyuma vyake kwa mashine ya karakana, bure, kwa heshima ya marehemu. Abdulsalamu akashukuru, akaifunga mashine kwenye mfuko akaibeba. Njiani akaniambia, "Zawadi ya shemeji haiachwi kwa watu."

Sasa sikiliza hili. Alhamisi ya tarehe tatu, alasiri, alikuwa barazani anakata bomba. Umeme ukakatika, kama kawaida yake. Akailaza mashine kwenye mkeka, mteja akamwita habari ya suruali, akaenda dukani. Mimi nilikuwa jikoni napuliza mkaa. Nikatoka, nikamkuta Najat amekaa mkekani anauvuta ule waya, anaongea nao.

Sikukimbia, kaka. Nataka ujue hilo, nisijifanye mama hodari. Lile neno la Alfonsi lilikuwa halipo kichwani kabisa. Niliona kamasi zimemfika mdomoni, nikamnyanyua nimfute kwa ncha ya khanga.

Umeme ukarudi. Unajua watoto wa mtaani wanavyopigaga kelele umeme ukirudi, wakashangilia nyumba zote, na katikati ya shangwe hiyo mashine ikaruka. Ikazunguka juu ya mkeka kama samaki kamongo aliyetupwa nchi kavu, ikauchana mkeka pale pale alipokuwa amekaa Najat, ikaenda kugonga ukuta inalia. Mimi nimesimama na mtoto, kamasi bado sijamaliza kuzifuta.

Abdulsalamu alikuja mbio akachomoa waya. Akakaa chini kwenye vumbi. Nilisubiri aseme kitu, na alichosema ni hiki, "Usimwambie Yunusu."

Jumamosi yake akaiwasha tena. Toka igonge ukuta swichi ilikuwa haishiki vizuri, akaifunga kwa mpira wa baiskeli isizimike.

Mimi Jumatatu nikafanya ujinga wangu. Akiwa dukani nikachukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, ule ambao hata karatasi haruhusu uukatie, nikaikata plagi nikaitupa chooni. Nilijiona nimeshinda. Siku hiyo nilipika wali.

Aliporudi aliutazama waya, akautazama mkasi uliopata pengo. Akamenya zile nyaya mbili kwa meno mpaka shaba ikaonekana, akazichomeka hivyo hivyo kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni, akazikaza kwa njiti za kiberiti. Kaka, hakunigombeza hata kidogo. Alinipa njiti nimshikie, na mimi nikamshikia.

Toka siku hiyo Najat yupo mgongoni kwangu toka asubuhi mpaka anaposinzia. Analia ashuke. Ndiyo kwanza amejifunza kutembea, na mimi namnyima sakafu. Juzi alinikwepa nikiwa namenya viazi, nikamkuta ameshafika kwenye ile ekstensheni, amechuchumaa, amenyoosha kidole. Nilimpiga, kaka. Sijawahi kumpiga. Alinitazama kama hanijui.

Nimeongea na Abdulsalamu kwa upole, nimeongea kwa kununa, nimemlilia. Jibu lake ni moja, kwamba wewe ulijinyima ukamletea, na mtu aliyekukumbuka ukiwa kwenye msiba huwezi kukitupa alichokupa wala kukifungia. Siyo ukaidi, namjua. Anadhani akiiacha atarudi kukaa juu ya ile ndoo. Mimi pia naliogopa hilo.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, na ni wewe tu duniani unayekiweza. Mpigie umwombe mashine yako irudi. Aliyetoa akiomba chake hakuna anayeaibika, si unajua kwetu ilivyo. Sema una kazi nayo, sema umepata mtu anaihitaji, sema hata wifi amekasirika, atanisamehe. Mwambie aikabidhi kwa Alfonsi, utaagiza mtu aichukue hapo. Usimwambie nimekuandikia. Na usimlaumu, wala usimwambie mashine ni mbovu, atasema ameshaizoea. Omba tu.

Halafu ile kubwa ya kukatia mbao uliyomwahidi kwenye simu, nakuomba usiilete. Najua ulisema umeiona kwa bei ya kutupa. Bei hiyo naiogopa. Kama moyo wako unataka kumpa kitu, mnunulie tupa na msumeno wa mkono, atakata kwa siku tatu alichokuwa anakata kwa dakika tatu, na atapiga mluzi siku zote tatu. Za umeme atazikuta kwa Alfonsi. Ile ahadi ya Jumapili bado ipo, nilimuuliza, akasema mlango upo wazi. Nawaona kabisa, kaka, Abdulsalamu anatoka Musoma jioni amechafuka, amebeba kitu cha ajabu kisichosimama, na Najat anamkimbilia kwa miguu yake. Nataka iwe hivyo. Naamini itakuwa hivyo ukipiga simu.

Naomi anaondoka Jumanne, akijaliwa atakuwa hapo Alhamisi au Ijumaa. Ukimaliza kusoma piga siku hiyo hiyo, usingoje vocha ya ofa.

Msalimie sana wifi Raya, mwambie kile kitambaa alichonitumia nimekishona na kinanikaa. Wasalimie Abubakary na mdogo wake, waambie shangazi anawakumbuka. Mama anakusalimu, na Dorotea pia, ingawa hakujui, yeye anasalimu kila anayeandikiwa.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, aupe mgongo wako nafuu, atukutanishe wote tukiwa wazima na viungo vyetu. Huku umeme haupo toka jana jioni, wanasema nguzo imeanguka. Mtaa mzima unanung'unika. Mimi peke yangu namwomba Mungu usirudi mpaka wewe upige simu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Mwanaupe, mama Najat