Kitambaa Juu ya Sola

Mbale, Alhamisi, Machi 1996

Si betri. Si nyaya. Wala si fundi, na hilo ndilo linaloniuma.

Wiki mbili taa inafifia ikifika saa mbili, mke wangu ananyonyesha mtoto kwa kibatari. Nimekaza nyaya, nimeongeza maji ya betri, wapi! Jumapili nikamfuata fundi Wafula hapa Malukhu, sare ya magereza bado mwilini, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Umeniuzia betri mbovu! Akajibu taratibu tu, "Afande, umeangalia paneli?"

Sikuangalia. Paneli ya sola iko uani, na tangu mtoto azaliwe uani anashinda mama mkwe. Kwa desturi ya kwao mke wangu, mimi na yeye hatuonani uso kwa uso, basi huko sikanyagi.

Leo mke wangu alikwenda kuanua nguo, akarudi anacheka. Kila asubuhi mama yake huifunika paneli kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, kama tunavyofunika redio. "Kitu cha bei namna hii," akamwambia, "mnakiacha kiungue na jua?"

Mimi sikucheka. Kesho fundi analeta betri yake mwenyewe tuijaribu, ajisafishe mbele ya watu walewale.

Lazima nimuwahi asubuhi kabla hajatoka. Nimwambie nini? Miaka yote ya kazi ya magereza Kiswahili changu ni cha kuamrisha. Cha kuomba msamaha sijawahi kukijaribu.