Kura Niliyopiga Nikiwa Diwani

Mjukuu wangu Kendi,

Hapa Meru hatujambo, nyanya yako anavuna maharagwe. Tangu uniulize kama ugombee udiwani, sijatulia.

Nikiwa diwani kijana, tulipiga kura akina mama wauza mboga waondolewe sokoni, maduka yajengwe. Niliwaogopa wenzangu, nikaunga mkono. Kesho yake nilienda sokoni kuwaeleza akina mama hao. Muuza kabeji mmoja alinisogezea kigoda.

"Keti, mheshimiwa. Sasa sema hayo ukiniangalia."

Nilishindwa. Nilirudi barazani nikaomba kura irudiwe, wakanicheka. Akina mama waliondolewa, na chama kikaninyima tikiti ya kugombea tena.

Ukitaka, gombea. Ila nenda ukaketi na watu kabla ya kikao. Mimi nilichelewa siku moja tu, na mpaka leo nikipita pale sokoni natembea haraka.

Babu yako