Koti Lenye Mfuko Mgongoni

Croydon, Landani
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujasoma zaidi, geuza bahasha uiangalie gundi. Nimeibandika mwenyewe, na juu ya mdomo wake nimepitisha mstari wa kalamu ya bluu. Kama mstari umekatika, ujue mletaji ameifungua. Mletaji ni mke wa mchungaji wetu wa hapa, anakuja Lushoto likizo. Ni mtu mwema, lakini wema wake sijaujaribu kwenye mambo ya bahasha. Ningekupigia simu, ila simu yako siku hizi inakaa mkononi mwa Shangazi Naomi, na Shangazi ukimwambia neno asubuhi, mchana limeshafika sokoni Soni.

Mgongo wako unaendeleaje? Bado unainamia cherehani kutwa nzima? Mwambie fundi akuinulie meza, usingoje mpaka uniambie umelala siku mbili. Na mvua je, maharage yamepona? Sisi huku wazima. Danieli bado anaendesha basi, mimi bado niko kwenye nyumba ya wazee, nanyanyua watu na kushushwa moyo na ratiba za shifti. Baridi imeanza kuuma, na kwenye tramu watu wanakoholeana bila haya.

Sasa keti. Umeketi? Nina mimba, inaingia mwezi wa tano. Usipige kigelegele na usimwite mtu. Zile mbili zilizotoka nilizitangaza mapema, nikapongezwa na kanisa zima, kisha kanisa hilo hilo likaja kunipa pole. Hii nimeificha. Anaijua Danieli, anaijua mkunga, na sasa wewe. Najua utaniambia mficha uchi hazai. Mama, uchi nimeuonyesha mara mbili na sikuzaa.

Nimeanza na hilo kwa sababu limefungamana na lile uliloniagiza. Ulisema nimwangalie mchumba wa Yona kwa macho yangu mawili, na kwamba neno langu ndilo utakalolifuata. Nikisema ndiyo, unatoa baraka. Nikisema hapana, hutoi, na mdogo wangu ameapa hataoa bila baraka yako. Umenitwika mzigo mzito, nami nimeubeba kwa uangalifu. Nimemwangalia huyo binti mpaka macho yameniuma.

Anaitwa Ivalu. Ni Mlutheri kama sisi, hapo huna la kusema. Kwao ni Grinlandi, kule juu kabisa ya ramani kwenye barafu. Ni wale tuliofundishwa shuleni kuwa Waeskimo. Jina hilo nililitamka mezani, Yona akanikanyaga mguu. Wenyewe wanajiita Wainuiti.

Basi mimi nilimngoja mtu wa kwenye kitabu, manyoya kuanzia kichwani hadi miguuni. Akaja binti wa jinzi, raba nyeupe na jaketi jeusi, kama wasichana wote wanaopanda tramu hapa kwetu. Nikasema moyoni, mbona hivi? Mara ya pili akaja na shati la pamba lenye maua makubwa, refu hadi mapajani, lina kofia nyuma na mfuko mmoja mpana tumboni. Ungelidhani dera lililokatwa. Akasema ametumiwa na shangazi yake aliyeolewa Alaska, huko wanawake wanalivaa kazini, jikoni na hata kanisani. Mara ya tatu ilikuwa sikukuu ya mavuno. Mama, aliingia kanisani amevaa kola ya ushanga iliyomfunika mabega na kifua chote, kaptula ya ngozi ya sili, yule mnyama wa bahari ya baridi, na buti nyekundu ndefu zilizopita magoti, zimeshonewa vipande vya ngozi vya rangi, vidogo kuliko kucha. Mchungaji alipoteza mstari wa mahubiri. Ndilo vazi la sherehe la kwao, akaniambia.

Nikaziweka siku tatu pamoja nikaona hazikai. Mtu mwenye kwao ana vazi la kwao. Huyu leo ni hivi, kesho ni vile, keshokutwa ni vingine kabisa. Nikamwambia Danieli huyu si wa huko anakosema, vitu hivi anaagiza mtandaoni. Danieli akacheka, akanikumbusha kwamba hata mimi kazini navaa suruali, nyumbani khanga, kanisani kitenge, na harusi ya mwaka jana nilikwenda na baibui la kuazima la jirani Mzanzibari kwa sababu lilinipendeza. Nikamwambia hakuna aliyemuuliza.

Lakini kwa kuwa uliniambia niangalie, sikuishia mezani. Anafanya kazi kwenye ghala la makumbusho, anatengeneza nguo za zamani za watu wake zilizofikishwa huku na wasafiri. Nikamwomba anipeleke. Nilitaka kuona kama ghala lipo kweli.

Lipo. Wewe mshonaji ungetaka kuhamia humo. Kabla ya kuvuta droo ya kwanza alinong'ona kitu kwa lugha yao. Nikamuuliza ananena na nani, akasema anamsalimia mwenye nguo. Mwenyewe alishakufa zamani. Nikashika mkoba wangu vizuri. Humo ndani kulikuwa na koti la mvua lililoshonwa kwa utumbo wa sili, Mama, utumbo, umekaushwa ukawa kama karatasi ya kufungia keki, na maji hayapenyi. Kulikuwa na fulana ya ngozi za ndege, manyoya yameelekezwa ndani yaguse mwili. Suruali ya dubu mweupe, ya mwanamume wa kaskazini. Makoti ya ngozi ya kulungu wa barafuni, mengine na mikia mirefu nyuma, mengine yamekatwa sawa kama koti la mhudumu wa hoteli.

Nikamwuliza, sasa katika hizi, nguo ya Wainuiti hasa ni ipi? Akanitazama kama aliyeulizwa chakula cha Waafrika ni kipi. Akasema hakuna nguo moja. Kuna ya Grinlandi mashariki, ya magharibi, ya kaskazini, kuna za Kanada na za Alaska, na ndani ya hizo kila upande unakata mkia na kofia kivyake. Akasema bibi yake alikuwa akimwona mtu anakuja kwa mbali kwenye theluji, hajaiona sura, na tayari anajua ni mwanamke au mwanamume, ametoka upande gani, na kama ana mtoto.

Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa. Nilitoka na swali jipya: mtu aliyelelewa na macho ya namna hiyo, anaponitazama mimi anaona nini? Nami nilikuwa na kitu cha kuficha. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu kusoma nguo ndiyo kazi yake.

Jumapili iliyofuata walikuja kula. Nilikuwa jikoni nimeinama nasonga ugali. Nikahisi mikono mgongoni. Ivalu alikuwa nyuma yangu amekunjua viganja, anapima. Bega hadi bega, shingo hadi kiuno, kisha akazungusha mikono pande zote mbili za mbavu, na midomo inahesabu kimya. Nilipogeuka akatabasamu, akabeba bakuli la mchicha akaenda mezani kama aliyekuja kuchukua chumvi.

Mwiko ulinitoka mkononi. Wewe umepima watu maisha yako yote. Unamwambia mteja simama wima, nyoosha mkono, unamzungushia futi, anakuona. Kwetu anayepimwa bila kuambiwa ni maiti, anapimiwa sanda. Na mimi na tumbo langu hili. Sikula siku hiyo. Walipoondoka nilimgeukia Danieli, nikamwambia umesema. Akaapa kwa marehemu baba yake hajasema. Nikampigia Yona nikamzungushazungusha, nikaona kweli hajui lolote, maana Yona akijua jambo sauti inampanda. Sasa kama hakuna aliyesema, amejuaje? Na kama hajui, ananipimia nini? Kila njia niliyopita ilinirudisha kwenye hofu. Nilimwambia Danieli asimfungulie mlango tena. Nikakata shauri kukuandikia hapana.

Ila nikaona kumnyima mdogo wangu mke kwa barua ni uoga. Jumamosi nikapanda treni hadi kwake nimwambie usoni. Yona alikuwa ameitwa kazini. Aliyefungua mlango ni huyo huyo Ivalu, kidole kimevaa kofia ya kushonea, uzi umening'inia mdomoni.

Mezani kulikuwa na koti. Si ngozi, ni sufu nzito nyeupe, pindoni limezungushiwa utepe mwekundu na wa bluu, nyuma lina mkia mrefu wa mviringo. Kofia yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, vichwa viwili vingeingia. Na mgongo umepanuliwa, Mama, umeachiwa mfuko mzima ndani. Nimevaa nguo zako tangu nikiwa mtoto, mshono nikiuona naujua. Mabega yalikuwa yangu. Lile la kushoto lililoteremka kidogo, ambalo wewe huniwekea pedi, lilikuwa limeteremshwa hivyo hivyo.

Nikamwuliza ni la nani. Akasema ni langu. Akaeleza kwamba upande wa Kanada, kwa bibi mzaa baba yake, mwanamke anambeba mtoto ndani ya koti, uchi kwenye mgongo wa mama, na kofia inawafunika wote wawili. Akanionyesha na mshipi wa kufunga mbele ili mtoto asiteleze, na jinsi mama anavyoinama kidogo mtoto apandie begani.

Nilipandisha hasira, sikufichi. Nilimwambia kwetu hatumshonei aliye tumboni, tunaogopa hata kununua soksi. Nikamwambia habari za wale wawili, mimi ambaye hata wewe sikukusimulia vizuri. Nilimwuliza kwa ukali nani amemwambia. Akasema hakuna. Akasema nilikuwa nafunga khanga kiunoni kila Jumapili, na tangu sikukuu ya mavuno naifunga chini ya matiti.

Nikasema hilo koti alifumue, sitaki kumtangulia Mungu. Akaweka sindano chini. Kiingereza chake ni cha polepole, na siku hiyo kilikuwa cha polepole zaidi.

"Sijamshonea mtoto," akasema. "Hii si nguo ya mtoto. Ni nguo ya mama. Na wewe ni mama tangu yule wa kwanza."

Mama, niliketi kwenye kiti cha Yona nikalia mpaka pua ikaziba. Usinikasirikie kwa ninaloandika. Watu wote mliniambia utapata, bado una umri, Mungu hamtupi mja wake. Mlisema kwa upendo, najua. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema nimekwisha kupata. Nilitoka hospitali mara mbili nikiwa mama, nikafika nyumbani kila mtu ananiita Esta.

Akanivalisha, pini mdomoni, akarekebisha mkono mmoja. Hakuniuliza habari za Yona wala baraka yako, ingawa anajua wazi kwamba jibu liko kwangu. Nilimtazama kwenye kioo nikingoja aniulize, maana nilishajiambia hii ni rushwa ya kitambaa. Hakuuliza. Alinisindikiza hadi kituoni akitembea upande wa barabara wenye magari.

Sijageuka kipofu. Bado namwangalia. Anakula samaki mbichi kabisa, anamng'ata kisha anakata kipande karibu kabisa na mdomo kwa kisu cha nusu duara, siku moja atajikata pua. Anasema ugali hauna ladha, na huo ni ulimi wa kuchunguzwa. Kusalimia marehemu kwenye droo pia sijakumeza. Lakini mikono ile imenipima nikiwa hai, na ikanishonea nikiwa hai. Neno langu ni ndiyo. Mpe Yona baraka yako, na umwandikie yeye mwenyewe, asiisikie kwangu.

Nisalimie mjomba Samweli mwenye duka, umwambie ile dawa ya presha asiwe anaigawa kama pipi. Nisalimie wifi Rozi na watoto wake, mama mkubwa wa Mlalo, na mzee wa kanisa aliyetufundisha ujanja wa kuimba sauti ya pili. Shangazi Naomi naye msalimie, salamu tu.

Koti nimelitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Asubuhi nalivaa kidogo kabla ya kwenda kazini, Danieli anajifanya haoni. Mgongoni ni patupu bado, na naogopa, Mama, naogopa kila nikienda msalani. Lakini kuficha nimechoka. Ukinijibu, anza kwa kuniita mama. Mtu akiuliza mama wa nani, mwambie wa watatu.

Mwanao,
Esta