Njano ama Kijani, Yaya Déo

Likasi, Kikula, mwezi wa saba

Kwako Yaya Déogratias, kaka yangu mkubwa,

Barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Michelle na watoto, na ikukute umekaa kwenye kiti, maana ni ndefu. Sisi huku tunapumua. Baridi ya mwaka huu imetushika shingo. Asubuhi hata mbwa wa jirani anabweka bila kuinuka. Mama anakusalimia sana. Anasema kwenye picha uliyotuma umenenepa na shati lile la buluu limekupendeza. Hilo la shati uliweke pembeni, nitalirudia.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu iko. Mama yuko karibu nami mchana kutwa, na siku hizi masikio yake yanasikia mpaka mambo ambayo sijayasema. Ndiyo maana nitampa Viviane bahasha hii mkononi, akija Kolwezi na magunia yake ya mahindi akufikishie.

Uliuliza hizi mashini za batri za kumalizia nyumba ya Mama ununue rangi gani, njano ama kijani. Ulitaka neno moja. Yaya, neno moja halitoshi. Batri ya njano haiingii kwenye mashini ya kijani hata ukiifanyia novena ya siku tisa. Ukinunua ya kwanza umeshaoa; zote zitakazofuata lazima zitoke ukoo ule ule. Mdogo wetu Lambert alioa njano: ana ile mashini ya kukatia chuma. Ruphin, mume wangu, alioa kijani: ana perceuse ya kutobolea na batri mbili, anazichaji kazini kiwandani, kwa sababu hapa kwetu umeme ni mgeni, anakuja akipenda. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aongoke. Lambert aliita mashini ya shemeji yake "sombe," kwa ile rangi ya majani ya muhogo. Ruphin alijibu kwamba ndizi inaiva haraka na kuoza haraka. Hivyo ndivyo nyumba ya mama yetu ilivyokaa bila dari.

Sasa nikueleze ya Jumapili iliyopita. Tulikuwa uani tukimngoja Mama avae twende misa. Alikuwa ameingia na mbabula chumbani, makaa bado mekundu, apate joto wakati wa kuvaa. Akafunga. Unajua desturi yake tangu wezi waingie kwa jirani: anafunga kwa ufunguo, anautoa, anaufunga kwenye pindo la kitenge. Mlango unaujua, ni wewe uliyeutuma, ule wa chuma uliosema hata tembo atauomba radhi. Dirisha tulikwisha kuliziba kwa matofali Lambert alipojenga jiko upande ule. Kwa hiyo sisi watoto wake tulikuwa tumemjengea chungu, tukaweka na kifuniko, na moto ulikuwa ndani.

Niligonga, akasema anakuja. Nikagonga tena, akasema kichwa kinamuuma na anatafuta mlango. Chumba kile ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, Yaya. Mara ya tatu hakujibu.

Lambert akakimbilia mashini yake. Akabonyeza; ikatoa sauti ya paka aliyekanyagwa, ikanyamaza. Jana yake alikuwa amekatia geti la mteja wake Joachim nayo, na umeme haukurudi tena. Batri za Ruphin zilikuwa pale mezani, zimejaa zote mbili. Nikamwona ndugu yetu anachukua batri ya kijani, anaisukuma kwenye mashini ya njano, anaipiga kwa kiganja, anaitukana, anaibembeleza. Haikuingia. Jirani Banza, yule anayechimba, akaja na barre à mine, mtaimbo wake, kuvunja ukuta, lakini pigo la kwanza tu boriti ya juu ikatoa ufa, na chini ya boriti ile ndipo alipokuwa mama yetu. Nikamzuia. Ufunguo wa pili uko kwako Kolwezi.

Ndipo Ruphin aliposema kwa sauti ndogo kwamba perceuse inaweza kutoboa kufuli la mlango pale pale kwenye tundu la ufunguo, mpaka matumbo yake yasagike. Alisema hivyo akiwa amesimama karibu na choo, nyumba ameipa mgongo. Mukwe ni mukwe. Tangu anioe hajala mbele ya Mama, hajavuka sebule, na chumba kile anakiita "upande ule." Akampa Lambert mashini. Lambert, kwa vile mambo ya sombe hakutaka kamwe kuyajifunza, akaikandamiza kwa hasira, na mèche, ile ncha ya kutobolea, ikakatika. Ikabaki moja tu.

Niliweka mkono chini ya mlango, joto lilikuwa linatoka kama pumzi ya mgonjwa.

Nikamwita mume wangu: Baba Mamie, kuja. Akasema hawezi, ni aibu, hata mimi kesho nitamcheka. Nikamwambia abaki basi na heshima yake pale chooni, kesho ataivaa kwenye kilio. Akaja. Lakini alikuja kinyumenyume, akapiga magoti, uso ameugeuzia ukutani, macho ameyafumba kabisa, kama vile mlango ule ni wa kioo. Ikabidi nimshike kifundo cha mkono na kumwongoza. Kushoto. Chini kidogo. Hapo. Mashini ikalia, chuma kikamwagika miguuni mwetu kama unga. Batri ikaisha. Akaweka ya pili kwa kupapasa, macho bado yamefumba. Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia, vyote viwili.

Kufuli likageuka. Mume wangu akatoka mbio mpaka barabarani, perceuse bado inazunguka mkononi. Mimi na Lambert tukamvuta Mama kwa mabega. Alikuwa chini karibu na mlango, shavu kwenye sementi. Uani akatapika, akakohoa, akapumua. Muuguzi tuliyemwita alisema tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Usiogope, sasa ni mzima. Neno la kwanza la Mama kesho yake lilikuwa kwamba Ruphin alete kuku, kwa kuwa amekaribia chumba cha mama mukwe. Kuku ameletwa.

Siku ile ile Lambert alimwekea Mama mashini zote mbili mapajani, ati aamue. Mama akazipapasa, akacheka, akasema tununue ile iliyolia mlangoni kwake. Lambert akauliza ni ipi kati ya hizo. Akajibu, "Ile iliyolia." Lambert akafikiri ni utani. Mimi sikucheka.

Yaya, tulipomvuta, ufunguo haukuwa kwenye kitenge. Ulikuwa mkononi mwake. Na upande wa ndani wa mlango, kuzunguka kufuli, kuna mikwaruzo ya ufunguo: juu, chini, mingine umbali wa kiganja kizima. Nilijiambia ni kizunguzungu cha makaa. Lakini mingi imeshika kutu, na kutu haiji kwa asubuhi moja.

Nilimwuliza tukiwa wawili. Akasema tangu kabla ya Noeli mwanga unamfungia kutoka pembeni, na sasa umebaki kama ule unaopita chini ya mlango. Anaficha kwa sababu uliwahi kusema akizeeka utamhamishia Kolwezi, naye hapa Kikula kila ukuta unamjua. Shati la buluu ni mimi niliyemwambia. Aliniapisha kwa jina la Baba kwamba habari hii hutaisikia kutoka mdomoni mwangu. Nami naapa mdomo wangu umefungwa tangu nianze kuandika.

Basi, ukilazimika kununua, nunua kijani, Lambert ajifunze. Lakini mashini zingoje. Njoo kwanza, tumpeleke Lubumbashi kwa daktari wa macho, na neno Kolwezi liache njiani. Mlango wako hauna kufuli tena, nami nimeuacha hivyo makusudi.

Wifi na watoto nawasalimia mmoja mmoja. Ruphin anakusalimia akiwa barabarani. Uani bado haya inamshika. Mama yuko hapa kwenye benchi, anamenya karanga. Ameuliza naandika nini, nikasema namjibu Déo mambo ya mashini. Sasa hivi ameinamisha kichwa juu ya karatasi, kama alivyokagua madaftari yetu zamani, akasema mwandiko wangu umekuwa mzuri sana. Nilikuwa nimefungua ukurasa mpya, sijaandika kitu.

Mdogo wako anayekungoja,
Alphonsine