Milembe Hataki Ugali

Jumatatu, 2 Juni

Maharage yameiva mapema. Saa sita nimewapelekea mafundi wa gereji, wamemaliza sufuria zote mbili na kuomba ukoko. Nyumbani pacha wangu, Kulwa na Doto, wamekula ugali wa mtama na mlenda. Wamelamba vidole. Miaka sita, na sijawahi kuwabembeleza hata siku moja.

Chumba cha pili ni kioja kingine. Mama Milembe, mpangaji mwenzangu hapa Kambarage, alikuwa amepiga magoti uwanjani na bakuli mkononi, anamwimbia mtoto. Milembe ana miaka mitatu. Hataki ugali. Hataki mboga. Hataki dagaa. Anataka wali mweupe na chai ya rangi, basi. Mlenda ukimgusa mdomo analia utadhani kaungua. Na mama yake huyo, mbio, biskuti.

Nimekasirika mpaka nikaacha vyombo bila kuosha. Sio mtoto wangu, najua. Lakini mimi ni mpishi. Chakula kikimwagiwa kuku mbele ya macho yangu kinaniuma.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwambia. Pale bombani, mbele ya wenzetu wawili. Mtoto wako haumwi, unamdekeza. Mwache na njaa siku moja uone atakavyokula.

Wenzetu wakacheka. Yeye naye akacheka, kidogo, akabeba ndoo yake kabla haijajaa. Binti wa miaka ishirini na mbili. Mume yuko machimboni Geita, anarudi anapojisikia. Hana wa kumfunda. Nimejiona nimefanya wema.

Jioni hakuja uwanjani na bakuli. Amemlisha mtoto ndani, mlango umefungwa.

Ijumaa, 6 Juni

Amekuja mama mkwe wake kutoka Kishapu, na karanga mpya kwenye mfuko wa salfeti. Bibi mpole, sauti ya chini. Mkwewe alikuwa sokoni na mtoto, kwa hiyo nikamkaribisha kwangu. Nikampa ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, niliyoyaunga kwa karanga zake mwenyewe. Alikula akasifia.

Ulimi ukanifunguka. Nilisema yote. Biskuti, chai, nyimbo, kuku wanaonenepa kwa chakula cha mtoto. Nilitaka amkanye mkwewe. Hilo tu.

Bibi akatikisa kichwa. "Hapana, mayu, mama yangu," akasema. "Mtoto wa hivyo hajadekezwa. Ana kimeo. Kimerefuka, kinamzuia kumeza. Kikikatwa atakula."

Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Nesi wa kliniki alishatueleza, nikiwa nimewapakata pacha wangu, kwamba kila mtu anacho, na mtoto akikatwa anaweza kuvuja damu mpaka afe. Nilikumbuka maneno yake yote, pale pale. Lakini bibi alikuwa anakula chakula changu kwa raha, na hatimaye nimepata mtu anayekubali kwamba mtoto yule ana tatizo.

Nikamwambia, "Huenda, mama."

Jumapili, 8 Juni

Bibi ameondoka na Milembe baada ya ibada. Anakwenda naye Kishapu wiki moja, akazoee chakula cha nyumbani. Mtoto hakulia. Alivalishwa sweta la njano na viatu vya kanisani. Mama Milembe alisimama barabarani mpaka gari likapotea, halafu akaniambia labda kweli yeye hajui kulea.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikamwambia mtoto atarudi amenenepa.

Sijisikii vizuri tangu mchana. Nadhani ni jua.

Jumatatu, 9 Juni

Sio jua.

Nimeunguza maharage. Mafundi wamenitania kwamba nimepata mchumba mpya. Sikucheka. Nikifumba macho naona kisu. Wengine wanasema si kisu, ni waya uliopindwa ncha. Sijui lipi ni baya zaidi.

Namba ya bibi sina. Nikimwomba Mama Milembe, ataniuliza ya nini. Nikimweleza ya nini, atajua mdomo wangu ulivyofanya kazi. Mara tatu leo nimefika mlangoni kwake. Mara ya tatu nikaazima kiberiti, na kiberiti ninacho.

Naogopa atanichukia. Ndivyo ilivyo, sina maelezo mengine.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwambia asubuhi, kabla sijawasha moto. Nusu tu. Nimesema nilimsikia bibi akitaja kimeo. Nani alianzisha maneno, sikusema.

Alikuwa anafua. Aliacha nguo kwenye beseni akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Pacha nikawaacha kwa mama mwenye nyumba, tukapanda gari la Kishapu. Njia nzima alinishika mkono. Wake ulikuwa unanukia sabuni. Nilitamani kuuchomoa wangu, sikuthubutu. Gari likasimama Mwadui kushusha mizigo na dereva akanunua mahindi ya kuchoma, anachagua hili, anarudisha lile. Ningeweza kumpiga. Gari lilipoishia, Mhunze, tukachukua pikipiki moja, wawili nyuma.

Tumechelewa. Amekatwa leo hii hii, saa mbili asubuhi.

Tulimkuta kwenye mkeka, khanga imewekwa chini ya kidevu, imelowa. Hakuwa analia. Alikuwa anameza. Anameza, anatulia, anameza tena. Kisha akatapika, na kilichotoka kilikuwa damu tupu, nyeusi. Nikaelewa alichokuwa anameza.

Bibi alikaa pembeni na kikombe cha maji ya chumvi. Anasema mzee yule amekata watoto wengi na haijawahi kuwa hivi. Mama Milembe hakumgombeza. Alimnyanyua mwanawe akatoka nje. Bibi akanitazama mimi. Nikatazama chini, nikawafuata.

Mjini hospitali saa tisa. Wametaka damu haraka. Nimepiga simu gereji, mafundi wanne wamekuja na mafuta mikononi, damu ya wawili imefaa. Hawajala kwangu leo na hakuna aliyenidai chakula.

Jumatano, 11 Juni

Yuko hai. Damu imekata.

Sijapika. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi siku nzima. Mtu akitoka mlangoni nasimama.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Milembe amemuuliza daktari kwa nini mtoto alikuwa hataki kula. Nilikuwepo. Daktari alimwangalia Milembe kinywani na taa, akauliza anacheza, analala vizuri, ananyonya kidole. Akaichukua kadi ya kliniki akaisoma ukurasa baada ya ukurasa. Akasema mtoto alikuwa hana kitu. Uzito sawa, urefu sawa. Watoto wengine wanachagua chakula, ukiwaongezea kidogo kidogo bila ugomvi wanazoea, wengi wanaacha wenyewe. Kimeo chake kilikuwa kizima kama cha mtu yeyote.

Hana kitu. Alikuwa hana kitu.

Na mama yake alikuwa anampeleka kliniki kila mwezi bila kukosa. Mimi pacha wangu nilipitisha miezi mingine nikidai nina kazi. Hilo sikulitaja bombani.

Nimetoka nje ya jengo nikalia mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Ijumaa, 13 Juni

Wenzetu wawili wa bombani wamekuja kumwona mgonjwa. Wakatoka wodini wakisema bibi ni katili, bibi ni mshamba, watu wa vijijini bwana. Wanataka na mimi niseme. Nimenyamaza. Hasira ikanipanda, juu yao, halafu nikaona sina haki nayo. Bibi alitaka mjukuu ale. Aliamini anamponya. Mimi nilijua madhara yake, nikakaa kimya ili nisifiwe upishi.

Kesho namwambia. Akinifukuza wodini nitaondoka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda saa nne na uji mwepesi. Milembe ameketi, ameegemea mto. Amekonda shingo. Mama yake alikuwa anakunja khanga za mtoto.

Nikasema yote, nimesimama. Chakula nilichompa bibi, maneno niliyomwambia, nesi aliyetuonya, ile huenda yangu. Sikuongeza sababu.

Aliendelea kukunja. Akamaliza ile aliyokuwa nayo, akaiweka juu ya nyingine.

"Kwamba ulinisema, najua, Mama Kulwa," akasema. "Mama mkwe aliniambia Ijumaa ile ile. Sikujua habari ya kimeo. Ila aliponiambia hata wewe umechoka kumwona, nikaona bora mtoto akae mbali kidogo. Ndiyo maana nilimtoa."

Kumbe alijua. Njia nzima ya Kishapu alijua, na mkono wangu alikuwa ameushika.

Hakungoja niseme kitu. Akachukua beseni, akaniomba nimwangalie mtoto, akaenda kufua.

Nikavuta kiti. Nikachota uji kidogo, nikapuliza. Milembe alinitazama na kijiko changu, akafumba mdomo, akaubana kwa viganja vyote viwili.

Nikakirudisha kijiko bakulini na kulifunika bakuli. Tukakaa hivyo, yeye na mimi, mpaka mama yake aliporudi.