Kikombe Nusu

Jumapili, 2 Juni
Bado nikiamka naushika kwanza huu ushungi mweupe wa bibi harusi — ni kweli, nimeolewa! Tilek, Tilek, Tilek wangu! Hapa naliandika nitakavyo. Kwa mdomo ni mwiko mke kutaja majina ya ukweni, hata la mume.

Karudi kutoka mafunzoni Bishkek, mji mkuu wetu. Vijana wanaoanza kusikilizwa na watu, kutoka nchi zetu zote za jirani, wakifunzwa usalama wa mipakani na mtangamano wa kisiasa. Mengine siyaelewi. Naielewa sauti yake tu! Kanihutubia bustanini kwenye miaprikoti: tazama kamera, vuta pumzi, sentensi fupi. Kamera nilikuwa mimi.

Kanionyesha picha. Yeye na Khurshed, Mtajiki wa ng'ambo ya mfereji wetu huu huu ulio mpaka wa nchi zetu mbili, wanamegeana mkate. Walilala chumba kimoja. Ati Khurshed anakoroma kama trekta!

Jumatano, 5 Juni
Aibu! Mama mkwe kanisahihisha mbele ya wageni. "We binti, mgeni hajaziwi kikombe! Mimina nusu, aombe tena. Ukijaza unamwambia aondoke." Tilek kacheka hadi machozi, kisha akanibusu vidole vilivyoungua kwa chai iliyofurika. Nijaze tena kesho?

Ijumaa, 7 Juni
Maji yamefungwa. Lango la mfereji liko upande wa Watajiki. Wao wanasema sisi ndio tuliowaibia zamu yao ya maji. Vijana wametupiana mawe, wetu mmoja kapasuliwa kichwa. Aprikoti zinasinyaa mtini. Tilek na Khurshed wanapigiana simu, wanatafuta kuwakutanisha wazee.

Jumamosi, 8 Juni
Ile picha imeingia kwenye simu zote. Dukani: "Bibi harusi! Mwambie shemeji yako Mtajiki atufungulie maji!" Wakaangua kicheko. Nimerudi bila chumvi.

Jumapili, 9 Juni
Mzee Ergesh, mkubwa wa kijiji, yuko hapa na wenzake tangu adhuhuri. Wanataka Tilek arekodi video amkane Khurshed.

"Umefunzwa kusema, mwanangu. Basi sema!"

"Mzee wangu, nikimkana leo, nani ataongea nao kesho?"

"Usipomkana, siku baba yako akifa mtamzika wenyewe."

Baba mkwe kainamisha kichwa. Hakumtetea mwanawe. Mimi — kumimina, kuinama, kumimina. Neno siruhusiwi. Tilek alinitazama mara moja tu, kisha akainuka, akatoka na simu. Wakamfuata.

Niko jikoni. Namsikia akijirekodi. Sauti ile ile ya bustanini! Sentensi fupi.

Wameagiza chai tena. Nimejaza vikombe vyote hadi ukingoni. Cha Mzee Ergesh kimefurika. Nikivipeleka, nimewafukuza wazee nyumbani kwa baba mkwe — mimi, mgeni wa juzi.

Mama mkwe kachungulia, kaviona. Nilingoja kofi. Kaurudishia mlango taratibu, akaenda.

Trei iko mbele yangu. Bado sijaibeba; naandika.

Nje Tilek anasema, "Mimi ni Tilek, na huyu Khurshed…" Anakwama. "Rudia!" wanamwambia. Anavuta pumzi —