Blogu ya Mboni

Jumanne, 8 Julai 2025
Laptop ya Mboni imerudi kutoka kwa fundi, Mtaa wa Msimbazi. Hatukujua nywila, na mwenyewe ndiye hayupo. Fundi kafuta kila kitu, kaanza upya. Sikujali. Alichoandika mwanangu kiko kwenye blogu, mtandaoni.
Mama Mboni anaisoma kila asubuhi kwenye simu. Leo kasoma ile ya mshona mapazia wa hapa chini, anayegombana na cherehani kama mke mwenza. Akacheka! Tangu tumzike binti yetu sijamsikia akicheka. Kisha akalia, chai ikapoa.

Alhamisi, 10 Julai
Arobaini ni Jumapili. Mama Mboni anataka tangazo kwenye blogu, wasomaji wa mwanawe waje kwenye dua. Nimempigia Ritha, aliyesoma na Mboni chuo. Kanipa nywila ya akaunti. Kasema nisiguse kwanza, anakuja Jumamosi tufanye wote.
Jumamosi! Watu watajua saa ngapi?

Ijumaa, 11 Julai
Nimefanya mwenyewe. Baada ya swala nilikaa dukani kwangu na laptop ya Mboni, nikafuata video ya maelekezo. Ukurasa unauona kwanza kwenye kompyuta yako peke yako. Ukiridhika, unaupandisha mtandaoni. Niliandika majina yake yote matatu. Nikaridhika. Nikapandisha.
Nikafungua kwenye simu yangu. Tangazo lipo. Mshona mapazia hayupo. Hakuna kingine — hakuna!
Nikampigia Ritha. “Baba,” akasema, “ukipandisha, vya zamani vyote vinatoka. Vinakaa vile vilivyomo kwenye laptop.”
Kwenye laptop hamna kitu. Fundi alifuta, mimi nikamalizia.
Nimemzika mara ya pili. Safari hii peke yangu.

Jumamosi, 12 Julai
Ritha kaja mapema. Kawaandikia wenye mtandao wanaoihifadhi blogu, kama wana nakala. Kimya. Kaninong’oneza kwamba simu ya mama huenda imebaki na kurasa alizozisoma. Tuichukue kabla hajazifungua upya, maana zikija upya zitakuja tupu. “Nimwombe mimi, baba?” Nikasema hapana. Hili ni langu.
Mpaka sasa sijamwomba. Nitaanzaje?
Dada Somoe kafika kutoka Lindi kwa ajili ya arobaini. Wako sebuleni, mimi niko chumbani na daftari hili. Mama Mboni anamsomea wifi yake, nasikia sauti ilivyochangamka. Somoe anasema, hebu nitumie na mimi nikasome nyumbani.
Katumiwa.
“Mbona kwangu kuna tangazo tu?”
“Simu yako hiyo, wifi. Ngoja nifungue tena hapa kwangu.”
Nimemwita. Nimemwita kwa nguvu, hata Ritha kanyanyuka jikoni.
“Abee, Baba Mboni?”
Nimesema naomba simu yako.
Anauliza, ya nini?